Mgeni Nyumbani kwa Mamangu

Siku ya kwanza sikusema kitu. Mtu katoka safari ya mbali, miguu imevimba kwa kukaa ndegeni, ni haki yake atandikiwe godoro aambiwe alale. Siku ya pili pia nikanyamaza. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi ya tatu ikanipita, na ya tano, na wiki nzima, jembe sijaliona. Kila nikinyanyuka nishike ufagio, mamangu keshaninyang'anya.

"Keti, mwanangu. Yeo pumzika."

Yeo! Hiyo leo ya mamangu haikuwa na kesho. Kulipokucha ilikuwa yeo, na juma lililofuata bado ni yeo, nami nimekaa juu ya mto kama bi arusi asiyekuwa na mume.

Mniwie radhi kwa hasira zangu, lakini kwanza mumjue mamangu. Si mtu mpole. Nilipokuwa msichana sauti yake ilisikika mtaa wa pili: nimeacha sufuria inaungua, nimefunga leso ovyo, nimemsalimu mtu mzima kwa nusu mdomo. Akinituma dukani nikachelewa, nilikuwa nikimsikia kabla sijakata kona. Na Mkomani, mtaa wetu wa Lamu, nyumba zimebanana, vichochoro ni vya mtu na punda kupishana kwa ubavu, kwa hivyo makosa yangu yote majirani waliyajua hata kabla sijaingia ndani. Sasa mama huyo huyo ananiambia "tafadhali." Wallahi! Siku aliponiambia "tafadhali kunja miguu nipite," nilipanda darini nikakaa peke yangu na jua kali, maana nilihisi nitapiga kelele.

Na chakula ndiyo usiseme. Wao wote wamezunguka sinia moja, mikono inaingia wali, mtu anamsogezea mwenziwe kipande cha samaki, mimi nimewekewa sahani yangu pembeni. Na kijiko. Jamani, kijiko! Nilikirudisha jikoni, kikarudi na chakula cha jioni.

Jambo hili kwangu halikuwa mchezo. Nilikuja na neno moyoni nisilomwambia mtu. Kule Malesia, ninakoishi mwaka wa tisa sasa, mkataba wangu wa kazi ulikuwa unakwisha, na mkuu wangu alikuwa anangoja jibu: naongeza au naacha. Mimi nilikuwa nimechoka na nti za watu, na kuishi ugenini. Nilitaka kurudi Amu, Lamu yetu, nikae. Ila nilitaka kwanza nione kama mahali pangu papo, na nikajiwekea kipimo changu mwenyewe. Mtu wa nyumba hutumwa. Huambiwa lete kile, ondoa hiki, wewe kaa hapo uchambue mchele. Nikasema, siku mamangu atakaponituma, hata kama ni kwenda kununua kiberiti, siku hiyo nitamwandikia mkuu wangu kwamba sirudi.

Siku zikapita, hakuna kiberiti.

Njiani nako watu walinitesa. Nikitoka kidogo tu, wa kwanza ninayekutana naye, "Aa! Umekuja lini?" Nami nishalijua swali la pili, linafuata hapo hapo bila ya kupumua: "Waondoka lini?" Muuza samaki kaniuliza. Mwalimu wangu wa chuo, aliyenifundisha alifu na be, kaniuliza. Mama mmoja hata kuja kwangu hakuniuliza, alinishika mkono akaanza na kuondoka. Nilitamani nimjibu, "Subiri kwanza nifike." Lakini adabu niliyofundishwa kwa makofi haikuniruhusu, nikacheka meno nje.

Na msidhani huko nilikotoka nina raha ya kuitwa mwenyeji. Huko ndiko nilikoanza kuchoka. Ofisini kwetu, ambako kazi yangu ni kuwajibu wateja wa Kiarabu na wa Kiafrika mizigo yao ikichelewa, alikuwepo dada mmoja wa Kimalei, mzuri wa moyo, Mungu ampe. Mwaka wangu wa kwanza alinikuta naswali Adhuhuri. Akaningoja mpaka nikatoa salamu, akaniuliza kwa huruma tele, "Ulisilimu lini?"

Mimi! Mtoto wa Mkomani, ambako adhana za Alfajiri hupandana mpaka usijue ipi ni ya msikiti upi! Babu yangu alisomesha chuo mpaka mato yakapofuka, na hakuacha hata hapo, maana msahafu ulikuwa kifuani. Nikamwambia dada yule kwamba kwetu hatukusilimu juzi. Akatikisa kichwa kwa upole, na kesho yake akaniletea kitabu cha watoto chenye picha za kufundishia kutawadha. Kina katuni ya paka anaosha miguu. Nikaona la kufanya ni moja tu, nikamsomea Yasini, mwanzo mpaka mwisho, bila ya kitabu. Unajua alifanya nini? Alinipigia makofi. Akawaita wenziwe waje wasikilize, nikarudia, wakapiga makofi wote.

Kutafuta chumba cha kupanga ni hadithi nyingine. Kwenye simu, Kimalei changu kimenyooka, mwenye nyumba ananiita dada, chumba kipo, njoo jioni. Jioni nikitokea mlangoni na rangi yangu hii, chumba kimeshachukuliwa. Kimechukuliwa lini, nami nilikuwa nawe kwenye simu nikishuka basi? "Sasa hivi." Sijui walikuwa wakipita wapi hao wapangaji wa sasa hivi, maana kwenye ngazi sikupishana na mtu.

Basi nikasema niende kwa Wakenya wenzangu. Kule wapo, hukutana siku za mapumziko wakachoma nyama. Mara ya kwanza tu, bwana mmoja mcheshi wa bara akaniangalia buibui langu akasema, "Huyu si Mkenya, huyu ni Mwarabu wa Coast." Wakacheka. Nikacheka nao, mambo ya ugenini. Mara ya pili akarudia, na ya tatu, na akaniuliza kama kwetu Lamu mtu huhitaji pasipoti kwenda Nairobi. Ya nne sikwenda. Wamalei wananiona Mwafrika niliyesilimu jana, Waafrika wananiona Mwarabu, na Waarabu tunaowajibu ofisini nikiwaandikia Kiarabu huuliza nimekisoma wapi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini mimi nilikuwa na kamba tatu, kila mtu kashika yake anavuta.

Mara moja tu kule niliwahi kufunguliwa. Yule dada wa ofisini alinichukua kijijini kwao arusini. Nilidhani nitawekwa kitini kama maonyesho. Lo, nimevua viatu tu, bibi yake, kikongwe asiyekuwa na meno, akanitia kisu mkononi akanionyesha kilima cha vitunguu. Hakuniuliza nimetoka wapi. Nikakaa kwenye mkeka na wanawake wa kijiji nikamenya mpaka nikalia, na wao wanalia, na kila nikimenya kipande kinene bibi yule ananipiga kibao cha mkono na kunigombeza kwa maneno ambayo nusu yake sikuyajua. Wali wao ni wa nazi kama wetu, wameukunja kwa majani ya mgomba. Nilikula kwa mkono. Usiku ule nilipolala nilisema, nikirudi kwetu itakuwa zaidi ya hivi.

Zaidi ya hivi! Ngojeni.

Nilikuwa nimekuja kwa arusi ya mpwangu, binti wa kwanza wa dadangu. Kwetu binti akiolewa hupewa nyumba, na nyumba aliyopewa dadangu inatazamana na ya mamangu, kichochoro katikati, na juu yake zimeunganishwa kwa wikio, kile chumba kinachovuka kichochoro kama daraja. Kwa hivyo mimi nikiwa nimekaa juu ya mto wangu, niliyasikia yote ya ng'ambo. Vinu vinatwanga, wanawake wanacheka, mtu anasutwa kwa sababu ya iliki. Nikavuka wikio nikaingia jikoni kwa dadangu.

Kicheko kikakatika. Wakanisalimu kwa heshima, mmoja baada ya mmoja. Mwanamke mmoja akafuta kigoda kwa leso yake akanikaribisha. Nikaona mbuzi ya kukunia nazi imekaa bure, nikaikalia, nikashika kizio cha nazi. Dadangu akanijia mbio.

"Usijichafue nguo, dadangu."

"Nguo hii nimeivaa ili ichafuke."

"Mikono yako italegea. Umeshazoea mambo ya mashine wewe."

Na hapo nikaona wanachekea mikononi, nikajua wanacheka nini. Kosa ni langu mwenyewe. Katika zawadi nilizoleta kutoka Malesia, nikaleta na katoni nzima ya tui la boksi. Kule tunalitumia, nikaona litawapunguzia kazi ya arusi. Tui la boksi, nalileta Amu! Afadhali ningewaletea mchanga wa pwani. Mamangu alilipokea kwa mikono miwili, akasema "ahsante, mwanangu," akaliweka juu ya kabati la vyombo vya fahari, na nilipomwambia ni la kupikia akasema, "Ndiyo, ndiyo." Angekuwa mamangu wa zamani angelirusha kichochoroni, na mimi nyuma yake.

Niliondoshwa kwenye mbuzi kwa upole. Nikarudi kwenye mto.

Siku mbili kabla ya arusi wakaja jamaa zetu wa Pate. Nikasema alhamdulillahi, hawa ni wageni kama mimi, tutakaa pamoja tugombane na kuta. Ebo! Wametoka kisiwa kingine, wamelowa maji ya chumvi mpaka magotini, wameshuka kwenye boti na tumbaku yao na samaki wao, hawajafika hata ukumbini wameshafunga leso viunoni. Mmoja akamkuta mamangu kwenye ngazi akamwambia, "Wee, mbona umekonda, hupiki?" Mamangu akamjibu jibu ambalo siliandiki hapa, wakacheka wakaangukiana. Punde namsikia mamangu anawatuma: wewe parua samaki, wewe teka maji, na wewe mvivu usiniletee udhia, funika mchele ule. Kila neno nilikuwa nalihesabu kama mwenye njaa anayesikia wenziwe wanakula. Mie nikaletewa sharubati.

Sharubati ile niliimwaga dirishani. Ikampata mpita njia, nikagombezwa na mtu wa nje, na nakuapieni, kidogo moyo wangu ukapoa.

Lakini lililonimaliza ni la siku ya kualika. Kwetu arusi haialikwi kwa kadi, au kadi zikiwepo ni za watu wa mbali. Mtu hualikwa kwa mdomo. Wanawake wa ukoo hutoka nyumba kwa nyumba, hupiga hodi, husema umealikwa siku fulani, kwa fulani, na ukialikwa hivyo umepewa heshima yako. Ila walioko ndani hawaalikwi. Huwezi kumwalika mtu kwenye shughuli yake. Ukimwalika jamaa wa karibu umemwambia mbele ya watu kwamba amekuwa wa nje, na ziko familia hapa zilizonuniana mpaka wajukuu kwa mwaliko uliopotea njia namna hiyo.

Anayetualikia sisi ni binamu wa mamangu, mwanamke mzima, mwenye buibui la kizamani na sauti ya kusomea maulidi. Siku moja kabla ya arusi, jua likiwa limeanza kulegea, nimekaa ukumbini nachezea simu, nikamsikia anapiga hodi chini. Nikadhani amekuja kunywa maji. Akapanda, akanisalimu, akasimama wima mbele yangu. Hakukaa. Akaweka mikono pamoja.

"Bi, umealikwa kesho baada ya Asri, nyumbani kwa dadako, kwenye arusi ya bintiye. Uje ule, ufurahi nao."

Nilidhani ni mzaha. Nikamtazama usoni nimngoje acheke. Hakucheka. Alikuwa anaangalia ukuta.

"Mimi?"

"Nimeambiwa nikualike. Mjumbe hauawi, mwanangu."

"Umeambiwa na nani?"

Akageuza shingo kuelekea chumba cha ndani, na huko ndani hakuna mtu ila mamangu. Kisha akashuka ngazi upesi kuliko umri wake.

Sijui niliinuka vipi. Nilimkuta mamangu ameketi sakafuni, chetezo cha udi mbele yake, anafukiza nguo za mpwangu. Nikasimama mlangoni.

"Mama, mimi nimealikwa?"

"Umealikwa, ndiyo."

"Nimealikwa kwenye arusi ya mtoto wa dadangu! Nimezaliwa chumba hiki, mama! Mimi na dadangu tumelala kitanda hiki! Watu wa Pate wanaparua samaki, jirani anatwanga, hata asiyejua kupika chai ana kazi, mimi nimealikwa? Nimekukosa nini? Nimekuja mwezi mzima hujanituma hata chumvi. Hujanigombeza. Nimefanya nini nisigombezwe?"

Akageuza nguo upande wa pili juu ya moshi. "Punguza sauti, mwanangu. Tafadhali."

"Usiniambie tafadhali!"

Hapo ndipo ilipotoka. Ile sauti ya zamani, iliyokuwa ikinifuata dukani, ikatoka mzima mzima, na ng'ambo ya wikio vinu vikanyamaza.

"Nikutume nini? Nikutume ili iwe nini? Mara ya mwisho ulipokuja nilikuacha ukashika kila kitu! Umepika, umefagia, umenikanda miguu, umelala nami kitanda kimoja. Halafu ukabeba sanduku ukaenda zako. Wajua nilikaa vipi mimi? Kila Magharibi nakuita ushuke uwashe taa. Naita, naita, mpaka jirani akapanda kuuliza kama umerudi. Nikamwambia namwita paka! Mtu mzima mimi, nikaongopa kwa jina la paka! Mgeni akenda zake, watu humsindikiza, wakarudi wakafagia, yakaisha. Mtoto akenda, utafagia nini? Nimesema mara hii nikuweke mgeni, nikulishe, nikuheshimu, siku yako ikifika nikusindikize mpaka gatini na nirudi na akili zangu. Hilo nalo wanikataza?"

Mwezi mzima nilikuwa naomba nigombezwe. Haya, nikagombezwa. Sikuwa nimewahi kufikiri nyumba hii inakuwaje baada ya mimi kushuka ngazi. Nilikuwa na hesabu za upweke wangu tu, na hizo nilizijua kwa moyo.

Nikakaa sakafuni mbele yake.

"Mama, huenda mara hii nisiende."

"Huenda?"

"Kazi yangu inakwisha. Wananingoja niwajibu. Nilitaka kukaa."

Akaacha nguo. Akanitazama kwa mato mekundu, sijui ni ya moshi au ya nini.

"Basi niapie. Sema wallahi huendi, na sasa hivi nakutuma. Sufuria kubwa iko chini, haijasuguliwa, na watu wa Pate wanaingojea. Sema."

Nilifungua kinywa. Mungu shahidi yangu nilitaka kusema. Mwezi mzima ulimi huu haukulala, umelalamika mbele ya kila mtu, na sasa neno moja tu. Nikaona sufuria ile ikisuguliwa leo, na kesho, na mwakani. Nikawaona wale wa njiani, wanaonijua tangu sijaota meno, wakijua tena kila sufuria ninayounguza. Nikakiona na chumba changu cha kule, kidogo, nilichokipata baada ya kufungiwa milango mingi, ufunguo wake mmoja tu na uko kwenye mkoba wangu. Jioni nikipita barabara ya kule sauti ya mtu yeyote hainifuati. Huko wananiuliza nilisilimu lini, wananiudhi mpaka roho inatoka, na bado kuna siku nikigeuza ufunguo ule mlangoni husikia raha ambayo hapa sijawahi kuisikia. Hilo sikuwa nimemwambia mtu. Hata mimi nilikuwa sijajiambia. Na kiapo ni kiapo, huwezi kumwapia mamako wallahi na huku roho yako imesimama kwenye mlango wa watu.

Alinisubiri. Sikumbuki mamangu kumsubiri mtu vile. Ng'ambo mtu akaanza tena kutwanga, taratibu.

"Mama..."

"Si kitu, mwanangu," akasema. Sauti ilikuwa imerudi ile ya upole. "Si kitu. Nguo yako ya kesho iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaivuta, akaitandaza juu ya chetezo, akaifukiza udi upande huu na huu, kwa makini, mikono na shingo, akaikunja, akaniwekea juu ya kitanda. Kisha akabeba nguo za mpwangu akavuka wikio, nami nikamsikia huko anauliza kwa kelele nani atasugua sufuria.

Kesho yake baada ya Asri nilikwenda arusini kama nilivyoalikwa.